Kompyuta Haijashika Udongo



Siku hizi ukimwuliza msimamizi kama shimo mnaloteremka ni salama, au kama kilima kilichokatwa nyuma ya nyumba za kambi hakitashuka na mvua za masika, hutajibiwa kwa maneno mengi. Utaambiwa, "Imekwisha pigwa na kompyuta." Hapo mazungumzo yamefungwa. Ni nani kati yetu, mchuma chai au mpiga sururu, atakayethubutu kubishana na kompyuta?

Sisi tunasema kubishana nayo ni halali, na tunasema hivyo kwa sababu lilitufika.

Miaka michache iliyopita, katika kiwanda kimoja cha chai ambacho jina lake tunaliacha, tulikuwa tukichimba msingi wa boila mpya. Shimo lilikuwa na kina cha mtu mmoja na nusu, na upande mmoja lilipakana na njia ya malori ya majani mabichi. Siku ya tatu mzee mmoja wetu, mtu aliyechimba visima tangu ujana wake, aliona ufa mwembamba juu ya ukingo, umekwenda sambamba na shimo, hatua mbili hivi kutoka ukingoni. Akatia fito ndani ya ufa, ikazama mkono mzima. Akamwita injinia kijana aliyeletwa na mkandarasi.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alikuja mara moja, akatazama, kisha akafungua makaratasi yake yenye picha za rangi na kutuonyesha tarakimu, 1.6. "Mzee wangu," akasema, "kompyuta inaonyesha udongo huu unaweza kubeba mara moja na nusu na zaidi ya mzigo ulio nao. Huo ufa ni wa jua tu." Tukashuka tena. Usiku ule mvua ilinyesha, na alfajiri, kabla ya zamu kuanza, ukingo wote pamoja na kipande cha njia ya malori vilikuwa chini ya shimo. Sururu tatu na toroli moja vilizikwa. Watu hawakuwamo, lakini wangekuwamo saa moja na nusu baadaye.

Baadaye ndipo tulipojua mambo yalivyokwenda. Udongo uliopimwa ulitolewa katika tundu moja tu, upande wa pili wa kiwanja, tena wakati wa kiangazi. Upande wa njia haukuwa ardhi ya asili hata kidogo. Ulikuwa udongo wa kujazia, uliosukumwa pale zamani wakati njia ilipokuwa ikisawazishwa. Uzito wa malori haukuandikwa popote katika hesabu. Mzee wetu alijua habari ya udongo ule wa kujazia, maana alikuwapo uliposukumwa. Hakuna aliyemwuliza.

Basi kompyuta ilisema uongo? La. Ilijibu swali ililoulizwa, na swali lenyewe lilihusu shimo jingine, katika udongo mwingine, siku isiyo na mvua.

Tumejitahidi kujua programu hizi hufanya kazi gani, kwa sababu mtu hawezi kudai haki yake juu ya jambo asilolielewa. Mwanzo wake ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1916 gati moja ya bandari ya Göteborg, nchini Sweden, ilitelemka na kuingia majini. Wahandisi wa huko walipochunguza waliona udongo ulikuwa umeteleza kwa mviringo, kama mtu anayeteleza ndani ya bakuli. Wakaanza kuuchora mteremko ukiwa umekatwa vipande vya kusimama, kama mkate uliokatwa, na kukokotoa kila kipande kinasukuma kiasi gani na udongo wa chini yake unakizuia kiasi gani. Nguvu ya kuzuia ukiigawa kwa nguvu ya kusukuma unapata tarakimu moja, na hiyo ndiyo kipimo cha usalama. Ikiwa 1, nguvu mbili zimelingana na kilima kinaning'inia. Ikiwa 1.5, kuna akiba ya nusu. Ikipungua chini ya 1, kilima kinakuja.

Hesabu hiyo kwa mkono ilichosha. Mtelezo mmoja ungeweza kula saa nyingi za kazi, na huwezi kujua mapema udongo utatelezea wapi, kwa hiyo yakupasa ujaribu njia nyingi. Mwaka 1955 Mwingereza Alan Bishop alitoa njia bora zaidi ya vipande, ambayo ilidai hesabu irudiwe na kurudiwa mpaka itulie, na hapo ndipo mashine ilipopata kazi. Leo kompyuta ya mezani hujaribu maelfu ya mitelezo kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kisha zilikuja programu za namna nyingine, ambazo haziukati udongo vipande vichache bali huugawa katika vijipande maelfu, kila kimoja kikisukumana na jirani zake, ili kuonyesha ardhi itasogea kiasi gani watu wanapochimba. Mojawapo, iitwayo Plaxis, ilianza kutengenezwa mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, nchi ambayo sehemu kubwa imekaa juu ya udongo laini na chini ya usawa wa bahari. Waholanzi walikuwa na sababu ya kutaka kujua tope litasogea namna gani. Sasa programu hiyo hutumika duniani kote, kwenye mabwawa, vichuguu vya reli, misingi ya maghorofa na kuta za bandari.

Hatuna ugomvi na kazi hii, tunaistahi. Katika siku za hesabu za mkono wachimbaji wengi walikufa, wala hatutaki kurudi huko.

Lakini tazameni yaliyotokea Singapuri, nchi tajiri, yenye wahandisi wengi na serikali inayojulikana kwa ukali wa sheria zake.

Huko walikuwa wakijenga njia ya reli ya chini ya ardhi iitwayo Circle Line. Karibu na barabara kuu ya Nicoll Highway walichimba mfereji mkubwa wa kufikia kina cha mita 33 hivi, ndani ya udongo wa mfinyanzi wa baharini ulio laini kama unga uliokandwa. Kuta za zege zilizamishwa kila upande, na katikati mihimili ya chuma ikawekwa kukingama kutoka ukuta hadi ukuta, safu chini ya safu, kadiri watu walivyoshuka. Safu zilizopangwa zilikuwa kumi. Tarehe 20 Aprili 2004 safu ya tisa ilikuwa mahali pake na wachimbaji walikuwa wakielekea ya kumi.

Asubuhi hiyo wafanyakazi walisikia vyuma vikigonga. Walipotazama waliona vile vyuma vya ubavuni, ambavyo mihimili huviegemea, vimeanza kupinda. Taarifa ikapelekwa kwa wakubwa, na watu wakashughulika kuviimarisha. Kazi ilikuwa ikiendelea hivyo hadi saa tisa na nusu alasiri, ndipo kila kitu kilipokunjika kwa pamoja. Kuta ziliingia ndani, mihimili ikavunjika kama vijiti, na kipande cha barabara kuu kikatumbukia shimoni. Wafanyakazi wanne walikufa. Mmoja wao alikuwa msimamizi, ambaye wenzake walieleza kwamba aliwahimiza watoke kwanza. Mwili wake haukupatikana mpaka leo, kwa maana ardhi ilikuwa bado inasogea na waokoaji walilazimika kuacha kumtafuta.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2005. Tunawasihi kila katibu wa tawi aijue habari yake, kwa sababu ndani yake kuna mambo yanayotuhusu sisi moja kwa moja.

La kwanza ni lile tuliloliona kwenye shimo letu la boila, ila hili ni kubwa mara elfu. Udongo wa mfinyanzi laini ukibanwa haraka, maji yaliyomo ndani yake hayapati nafasi ya kutoka. Yanabeba sehemu ya mzigo, na udongo wenyewe unalegea. Ndani ya programu iliyotumika, mhandisi anaweza kuchagua njia zaidi ya moja ya kuieleza kompyuta nguvu ya udongo wa namna hiyo. Njia moja ni kuiandikia ile nguvu iliyopimwa hasa. Njia nyingine, iliyoitwa Njia A, ni kuiachia kompyuta iipate nguvu hiyo yenyewe kutokana na tarakimu nyingine. Wasanifu wa Singapuri walichagua Njia A. Kwa mfinyanzi ule, Njia A ilitoa udongo wenye nguvu kuliko ule uliokuwa pale ardhini. Kwa hiyo kompyuta ikachora kuta zinazosogea kidogo, na kuta za kweli zikasogea sana.

Hapa tusimame kidogo. Programu haikuharibika wala haikuwa na hitilafu ya umeme. Ilipiga hesabu yake bila kukosea hata sehemu ya kumi. Kosa lilikuwa katika kuchagua, na anayechagua ni mtu, tena mtu aliyekaa ofisini mbali na shimo. Anayesema "kompyuta imesema" anajificha nyuma ya mashine, kwa kuwa mashine hurudisha kile ilichopewa, kimepambwa rangi.

La pili lilikuwa la vyuma. Maungio ya mihimili na vyuma vya ubavuni yalikadiriwa vibaya, hata uwezo wake wa kweli ukawa karibu nusu tu ya ulivyopaswa kuwa. Mfua chuma yeyote katika karakana zetu za sukari angeelewa mara moja jinsi kipande cha chuma kilichobadilishwa kwa kingine kinavyoweza kusimama kwa ukaidi kwa muda, kisha kikajikunja ghafla bila kuaga.

La tatu ndilo linalotuchoma zaidi.

Ndani ya kuta zile na katika udongo wa kando vilipandwa vipimo. Kila siku vilisomwa. Viliwekewa kiwango, kwamba ukuta ukisogea kupita hapa, simameni mfikiri upya. Ukuta ukasogea, ukapita kiwango. Je, walisimama? Walirudi kwenye kompyuta. Walibadilisha tarakimu za udongo mpaka mchoro wa kompyuta ukafanana na msogeo uliopimwa, kisha wakatoa kiwango kipya, cha juu zaidi. Kazi ikaendelea. Ukuta ukapita hata kile kipya, wakarudia vile vile. Ardhi ilipiga kelele mara mbili, na kila mara hesabu ilitumiwa kuinyamazisha.

Hebu tufikiri jambo hili kwa mfano wa kwetu. Boila ina geji ya mvuke, na kwenye geji kuna mstari mwekundu. Siku moja sindano inavuka mstari. Meneja anakuja na kopo la rangi, anafuta mstari na kuuchora mbele zaidi, kisha anasema, "Endeleeni, sindano haijafika kwenye nyekundu." Mchochea kuni gani atabaki pale? Hata mwanafunzi wa siku mbili angetoka mbio. Lakini mstari ukichorwa upya ndani ya kompyuta, kwa lugha ya wataalamu, kwenye karatasi yenye mhuri, hatuoni rangi ikipakwa, basi tunabaki.

Kuna wenzetu watakaosema Singapuri ni mbali, na mifereji ya mita 33 haichimbwi mashambani. Ni kweli. Ila mlima wa udongo hauulizi uko nchi gani. Hapa Uganda, Agosti 2024, jalala la Kiteezi karibu na Kampala, lililokuwa likipokea taka za jiji tangu 1996, lilitelemka baada ya mvua na kufunika nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Jalala nalo ni mteremko, na lingewekwa ndani ya programu zile zile lingetoa kipimo chake cha usalama. Waokota plastiki waliopanda na kushuka pale kila siku hawakuwa na kompyuta, lakini walijua miguuni mwao kuwa mlima umejaa kupita kiasi. Wakuu wa jiji nao walikwisha sema kwamba jalala limejaa. Kujua kulikuwako. Kilichokosekana ni mtu aliyelazimika kutenda.

Na katika mashamba yetu ya chai, ambayo aghalabu yako milimani kwa sababu mchai hupenda baridi na mvua, nyumba za wafanyakazi hujengwa wapi? Pale ambapo hapafai kupanda chai. Mara nyingi ni chini ya ukingo uliokatwa, au juu ya udongo uliosukumwa. Ghala la kampuni hupimiwa ardhi kabla ya kujengwa, lakini sisi hatujaona kambi ya wachumaji ikipimiwa. Programu ya kompyuta ambayo ingeweza kuujaribu mteremko ule kwa asubuhi moja ipo mjini, na mhandisi wa kuitumia yupo. Huo nao ni ubaya wa jambo hili, na tusiusahau tunapolaumu kompyuta. Kwa mali ya tajiri hutumika, hata ikitumika vibaya. Kwa paa la mchumaji haijafunguliwa kabisa.

Tunadai nini basi? Hatudai kila mchimba mtaro afundishwe hesabu za vijipande maelfu. Wala hatukubali ule usemi wa baadhi ya ndugu zetu kwamba macho ya mzee yanatosha na makaratasi ya injinia ni ya kuwashia moto. Mzee wetu aliuona ufa, lakini hakuweza kusema kama ukingo ungeshuka usiku ule au baada ya mwezi. Injinia alikuwa na mashine ya kulijibu swali hilo, ila hakuipa ule ufa, wala malori, wala udongo wa kujazia. Wawili hao wangekaa juu ya jiwe moja kwa nusu saa, hesabu ingekuwa nyingine.

Kikao hicho cha nusu saa ndicho tunachotaka kiandikwe katika mapatano ya pamoja. Kabla ya shimo lolote la kina cha kupita kimo cha mtu kuteremkwa, na kabla ya kilima chochote kukatwa karibu na makazi, mwenye hesabu aje mahali penyewe na kutueleza kwa lugha tunayoielewa: udongo uliopimwa ulitoka wapi, mwezi gani, maji yamehesabiwa kuwa kina gani, na ni mizigo gani iliyotiwa kando ya shimo. Maswali hayo manne hayahitaji diploma. Akishindwa kulijibu moja, tutajua kwamba tarakimu yake ni ya shimo jingine.

Pili, viwango vya hatari vibandikwe hadharani kabla ya kazi kuanza, na visibadilishwe na mtu yule yule anayetaka kazi iishe. Kikihitaji kubadilishwa, watu watoke kwanza, na mhandisi mwingine asiyelipwa na mkandarasi aangalie. Tunajua waajiri watasema hili linachelewesha. Ndiyo, litachelewesha. Kule Singapuri waliona ni siku ngapi zilizopotea baada ya tarehe 20 Aprili, na barabara kuu haikufunguliwa tena mpaka Desemba ya mwaka ule.

Tatu ni haki ambayo tayari tunayo na hatuitumii. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu ya haki kwamba maisha yake yamo katika hatari ya karibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari. Haisemi kwamba aondoke kama kompyuta itamruhusu. Tulipoteremka tena katika shimo lile, na ufa tumeuona kwa macho yetu, hatukuwa na wa kumlaumu kwa kutojua haki hii isipokuwa tawi letu wenyewe, ambalo halikuwa limeisoma sheria hiyo hata mara moja mbele ya wanachama. Tunakiri hilo bila haya, maana hata sisi viongozi tuliteremka.

Tangu siku ile kuna daftari katika ofisi ya tawi. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa 96. Ndani yake kila kikosi kinachochimba huandika asubuhi ufa ulioonekana, maji yaliyoingia na ukingo uliovimba, na hupigilia vijiti viwili kila upande wa ufa ili kupima kama unapanuka. Injinia kijana, yule yule, alirudi mwezi uliofuata kuomba kuliona. Alinakili kurasa sita, akaenda nazo mjini, na alipokuja tena tarakimu yake haikuwa 1.6 bali 1.1, na mihimili ya mbao ilikuwa imekwisha pakiwa kwenye lori.